Mshipa Unaopiga Chini ya Kitovu

Hotuba iliyotolewa Tanga mbele ya wazee na vikundi vya kina mama

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, shikamooni wale mnaostahili shikamoo yangu, na wengine wote nawasalimu kwa heshima ile ile. Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kwa kunichagulia mada ambayo mimi mwenyewe nisingethubutu kuichagua, kwa sababu tabibu anapoitwa kwenye vikao vya namna hii huombwa azungumzie kisukari, shinikizo la damu au malaria, na si jambo ambalo mtu hulisema kwa sauti ya chini, mkono ukiwa tumboni, baada ya kuhakikisha kwamba mlango umefungwa. Katibu wa kikundi cha kina mama aliponipigia simu aliniambia, "Daktari, tuzungumzie huu mshipa unaopiga tumboni, maana kila mtu anao na kila mtu ana jibu lake." Amesema kweli. Nami kwa zaidi ya miaka 30 nimeyasikia majibu hayo, na baadhi yake yamewagharimu watu maisha.

Naomba nianze na neno lenyewe, kwa kuwa nusu ya tatizo imo ndani yake. Katika Kiswahili chetu, mshipa ni mfereji unaopitisha damu mwilini. Lakini mshipa huyo huyo ndiye anayekaza shingoni mtu akilala vibaya, na hapo tunamaanisha msuli. Mtu akipigwa na ganzi kutoka kiunoni hadi unyayoni, nako ni mshipa, na hapo tunamaanisha neva. Mwanamume akisema ana mshipa, huku ameinamisha macho, aghalabu anamaanisha ngiri au busha. Mama akisema mshipa unamvuta chini ya kitovu, mwenzake aliyekaa naye mkekani atamjibu kwamba hilo ni chango. Neno moja limebeba mizigo mitano, na sisi tunaoingia kwenye chumba cha daktari tunalitua mezani zima zima, tukitumaini kwamba yeye atajua ni mzigo upi tuliokusudia. Daktari naye, ambaye amesoma vitabu ambamo kila kimoja kati ya vitu hivyo kina jina lake, huchukua maana moja na kuifuata. Akikosea pale, huwa amekosea yote yanayofuata.

Kwa hiyo jambo ambalo nimekuja kuwaomba leo ni moja. Unaposikia kitu kinapwita ndani ya tumbo, usikimbilie kukipa jina. Kichunguze kwanza kwa mkono wako, ukijue kinavyopiga, kinapopiga na kinachofuatana nacho, halafu ukieleze hivyo hivyo kwa anayekutibu. Kipimo cha kwanza kabisa hakihitaji umeme wala fedha. Ukiwa umelala chali umekunja magoti ili tumbo lilegee, weka vidole vya mkono wa kushoto pale panapopiga, kisha umwombe mtu wa nyumbani akushike kifundo cha mkono wa kulia, chini ya kidole gumba, na kila anapousikia mshipa wa mkono aseme "sasa". Kama tumbo linapiga pamoja na kila "sasa" yake, kinachopiga ni damu inayosukumwa na moyo. Kama linapiga kwa mwendo wake lenyewe, pengine haraka na kwa kurukaruka, pengine polepole kama wimbi linalokwenda na kurudi, basi chanzo ni kingine, na karibu kila mara ni chepesi zaidi. Wako watakaoniambia kwamba hilo ni jambo dogo. Nimeona likitenganisha hofu ya miezi na usingizi wa usiku mmoja.

Hebu tufuate njia ya damu, maana bila kuijua hatuwezi kuelewa kwa nini tumbo lipige hata kidogo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na kwa dakika hiyo moja husukuma takriban lita 5 za damu. Damu hiyo hutoka kupitia mshipa mkubwa kuliko yote mwilini, ambao wataalamu huuita aota. Aota hupanda kidogo kutoka moyoni, ikapinda kama mpini wa bakora, ikashuka nyuma ya moyo, ikapita kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kisha ikateremka mbele ya uti wa mgongo, ikiegemea kidogo upande wa kushoto. Ndani ya tumbo unene wake ni karibu sentimita 2, yaani kama upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Inapofika kwenye pingili ya nne ya kiuno, ambayo kwa nje iko karibu na usawa wa kitovu, hugawanyika mara mbili kama panda ya manati. Tawi moja huelekea mguu wa kulia na jingine mguu wa kushoto, na matawi hayo hupita ndani ya nyonga hadi kwenye kinena, ambapo kila mmoja wetu anaweza kuyagusa yakipiga.

Mkiishika picha hiyo, mtaona kwamba mapigo ya juu ya kitovu na mapigo ya chini ya kitovu hayana maana moja. Yale ya katikati, juu ya kitovu, kwa mtu mwembamba aliyelala chali baada ya kula, ni aota yenyewe ikifanya kazi yake, na mara nyingine huonekana hata kwa macho, ngozi ikitikisika taratibu. Hilo si ugonjwa. Ni kama kusikia maji yakipita kwenye bomba la nyumba usiku ambapo watoto wamelala na redio imezimwa. Mchana maji yalikuwa yakipita vile vile, ila hakuna aliyeyasikia. Mapigo ya chini ya kitovu, yanayofuatana na mshipa wa mkono, ama ni mwangwi wa aota unaopitishwa na matumbo yaliyojaa, ama ni yale matawi mawili, ama ni mishipa ya mfuko wa uzazi kwa mama mwenye mimba. Mara chache, na ninasisitiza kwamba ni mara chache, huwa ni mshipa uliotanuka mahali usipopaswa kutanuka.

Yapo mambo yanayoufanya moyo usukume kwa nguvu kuliko kawaida, na hapo mtu huanza kuusikia mdundo ambao umekuwepo maisha yake yote. Homa ni moja. Vikombe sita vya kahawa chungu barazani baada ya sala ya isha ni jingine. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hukonda, hutokwa jasho, mikono hutetemeka na tumbo hupwita. Lakini kwetu hapa pwani ningependa mlifikirie kwanza lile la upungufu wa damu, kwa sababu malaria ya mara kwa mara, minyoo ya safura na hedhi nzito ya muda mrefu vyote hupunguza damu polepole, na moyo hulazimika kwenda mbio ili damu hiyo chache ifike kila mahali. Mama anayehema akipanda ngazi tatu, ambaye ukivuta kope lake la chini unaona weupe badala ya wekundu, na ambaye anasema mshipa unampiga tumbo zima hadi masikioni, hahitaji dawa ya chango. Anahitaji kupimwa wingi wa damu, kisha itafutwe sababu ya damu hiyo kupungua.

Na wasiwasi pia umo. Sisemi hivi kumdharau mtu, maana nawajua wengi walioambiwa "ni mawazo tu" na kurudishwa nyumbani na aibu. Wasiwasi huongeza mapigo ya moyo kwa kweli, si kwa kuwazia. Mapigo yakiongezeka mtu huyasikia, akiyasikia huogopa, na akiogopa huongezeka tena. Mduara huo hukatika pale mtu anapoeleweshwa kinachopiga ni kitu gani.

Sasa niwape habari ya mzee mmoja, ambayo sijawahi kuieleza hadharani. Nilikuwa kijana, mwaka wa pili tangu nimalize masomo, katika hospitali moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Alikuja mzee aliyekuwa mvuvi, mrefu, mwembamba, aliyevuta sigara tangu ujana wake. Akaniambia, "Mwanangu, nina mshipa unanipiga. Usiku nikilala chali, redio inacheza." Mimi niliposikia mshipa nilisikia ngiri. Nikamsimamisha, nikamwambia akohoe, nikapapasa kinena pande zote mbili, sikukuta kitu. Maneno yale ya redio sikuyauliza. Niliyachukua kuwa mazungumzo ya mzee anayelala peke yake. Nikamwandikia dawa ya gesi, akashukuru, akaondoka.

Baada ya wiki tatu alirudi, safari hii akiwa amejishika kiuno, maumivu yakimchoma mgongoni. Alipokelewa na tabibu aliyekuwa mkubwa wangu, mtu wa maneno machache. Huyo alimlaza chali, akamuuliza, "Redio inacheza vipi, baba?" Mzee akatoa kwenye mfuko wa koti redio ndogo ya betri, ya ukubwa wa kiganja, akaiweka juu ya tumbo lake, upande wa kushoto wa kitovu, kama alivyozoea kufanya usiku akisikiliza taarifa ya habari. Ile redio iliinuka, ikashuka. Ikainuka, ikashuka. Nilitazama saa yangu. Iliinuka mara 84 kwa dakika, sawasawa na mshipa wa mkono wake. Mkubwa wangu akaiondoa, akaweka viganja vyake viwili pembeni mwa kile kilichopiga, akaniambia niweke vyangu mahali pale pale. Vidole vyangu havikuinuliwa tu kwenda juu. Kila pigo liliisukuma mikono yangu ikaachana, mmoja kulia na mwingine kushoto, kama mtu anayesukuma milango miwili kwa pamoja kutoka ndani.

Alisafirishwa siku hiyo hiyo kwenda hospitali ya rufaa. Hakufika kwenye chumba cha upasuaji. Alikuwa amenieleza ugonjwa wake kwa ufasaha kuliko kitabu chochote nilichokisoma, na mimi nilisikia neno moja tu kati ya yote aliyoyasema. Kama siku ile ya kwanza ningemlaza na kuweka mkono, angekuwa na wiki tatu za kuandaliwa.

Ugonjwa ule unaitwa anurizimu ya aota. Ukuta wa mshipa hudhoofika kwa miaka mingi, ukatanuka mahali pamoja kama mpira wa baiskeli unaotoa nundu, na kadiri unavyotanuka ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba. Madaktari huuita ugonjwa pale aota ya tumboni inapofikia sentimita 3. Ikifika sentimita 5.5 kwa mwanamume, au karibu 5 kwa mwanamke, hufikiriwa upasuaji, kwa sababu hatari ya kupasuka huanza kuzidi hatari ya kisu. Mara chache uvimbe kama huo hukaa kwenye yale matawi mawili ya chini, ndani ya nyonga, na hapo mapigo husikika chini ya kitovu upande mmoja. Wanaougua zaidi ni wanaume waliovuka miaka 65, hasa waliowahi kuvuta sigara, wenye shinikizo la damu, au ambao baba au ndugu wa damu aliugua hivyo. Sigara ndiyo inayoongoza. Hata hivyo katika bara letu wamekutwa pia vijana wenye uvimbe wa mishipa unaohusishwa na virusi vya Ukimwi, kwa hiyo umri mdogo usitufanye tupuuze kitu kinachopiga na kutanuka.

Ubaya wake ni ukimya. Wengi hawana dalili yoyote mpaka siku unapopasuka, na ukipasuka, walio wengi hufa, tena wengine kabla hawajafika hospitali. Albert Einstein, yule mwanafizikia, aliugua ugonjwa huu huu. Mwaka 1948 daktari wa upasuaji Rudolf Nissen alimfungua tumbo huko New York, na kwa kuwa wakati ule hapakuwa na mshipa wa bandia wa kuweka badala yake, aliuzungushia uvimbe karatasi ya selofani ili ukuta wake ukomae. Einstein akaishi zaidi ya miaka 6. Ulipopasuka mwezi Aprili 1955 alikataa kupasuliwa tena, akafariki Princeton tarehe 18 akiwa na miaka 76. Leo upo mshipa wa bandia wa kitambaa, na upo ule unaopitishwa kwenye kinena bila kufungua tumbo. Jijini Dar es Salaam ipo taasisi maalumu ya moyo na mishipa. Na kabla ya yote hayo ipo utrasaundi, kipimo cha mawimbi ya sauti ambacho kina mama wengi hapa wanakijua kwa ajili ya mimba. Mashine ile ile, kwa dakika chache na bila maumivu, huupima unene wa aota. Uingereza huwaita wanaume wote wapimwe mara moja wanapofikia miaka 65, na Marekani hushauri hivyo kwa wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta. Sisi hatuna mpango wa namna hiyo, lakini mashine tunazo, na hakuna anayemzuia mzee kuomba.

Mama zangu, niwageukie ninyi, maana kwenu tumbo hupiga kwa sababu nyingi zaidi. Mama mwenye mimba huongezewa damu karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo wake hupiga mara 10 hadi 20 zaidi kwa dakika. Si ajabu basi akausikia mdundo chini ya kitovu hata kabla mtoto hajaanza kucheza. Mtoto mwenyewe husikika akicheza kwa mara ya kwanza kati ya wiki ya 16 na ya 20, mapema kidogo kwa aliyewahi kuzaa na baadaye kidogo kwa mwenye mimba ya kwanza. Kuna pia kwikwi ya mtoto, ambayo hushangaza wengi: mshtuko mdogo, wa mpangilio, mahali pamoja, kwa dakika kadhaa kisha kimya. Haina madhara.

Lililo zito ni hili. Wapo mama wanaoweka mkono juu ya tumbo, wakasikia kinapiga, wakasema, "Moyo wa mwanangu huo." Sivyo. Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, na haufikiwi na kiganja. Mkunga huusikiliza kwa kile chombo chenye umbo la pembe, ambacho daktari Mfaransa Adolphe Pinard alikibuni mwaka 1895 na ambacho bado kiko kwenye kila zahanati, au kwa mashine. Na hata mkunga mzoefu, anaposikiliza, hushika mkono wa mama kwa wakati huo huo ili asije akausikiliza mshipa wa mama akidhani ni moyo wa mtoto. Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake amepunguza kucheza tangu jana, asijifariji kwa mdundo anaousikia kwa mkono. Huo ni wake mwenyewe. Aende akasikilizwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama wifi na mama mkwe watasema asubiri kupambazuke.

Yupo na mama anayetamani mtoto kwa miaka, hedhi ikachelewa, tumbo likaanza kupwita, naye akaamini. Tusimcheke wala tusimnyamazishe. Apimwe mkojo, apigwe picha, na anayempa majibu akae naye, asimpe karatasi mlangoni.

Mapigo yasiyofuatana na mkono nitayapitia haraka. Utumbo mwembamba una urefu wa mita 6 hivi na husukuma chakula kwa mawimbi yasiyozidi 12 kwa dakika, kwa hiyo ukihesabu utaona ni polepole mno kuwa moyo, na mara nyingi hufuatana na mngurumo, gesi au haja. Misuli ya ukuta wa tumbo nayo hucheza, kama vile kope la jicho linavyocheza nasi tukauliza ni mgeni gani anakuja. Huchezacheza kwa sekunde au dakika, baada ya kazi nzito, usingizi mchache au kahawa nyingi, kisha huacha. Ikiendelea kwa wiki nyingi, au misuli ikaanza kupungua nguvu, ndipo apelekwe kuchunguzwa.

Lakini kupwita kunapoingia maumivu, mambo hubadilika, na hapa naomba tusiende haraka. Mnajua jipu linavyopwita kabla ya kutumbuka. Uvimbe wa ndani wenye moto nao huuma hivyo hivyo. Maumivu yanayoanza kuzunguka kitovu, kisha ndani ya siku moja yakahamia chini upande wa kulia, pamoja na kukosa hamu ya kula na kutapika, na yakazidi mtu akikohoa au gari likipita kwenye tuta, hayo ni ya kidole tumbo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Msichana au mama ambaye hedhi yake imechelewa, akapata maumivu ya kupwita chini upande mmoja, matone ya damu, kizunguzungu, au maumivu yasiyoeleweka kwenye ncha ya bega, huenda ana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Hiyo bega huwapotosha wengi. Damu iliyovuja tumboni huchokoza kiwambo, na mwili huyasoma maumivu yake begani. Huyo hasubiri asubuhi. Maumivu ya chini ya tumbo yanayofuatana na uchafu wenye harufu ukeni na homa, au yale ya mkojo unaochoma, yana dawa zake, na dawa hizo zikichelewa mirija ya uzazi au figo hulipa.

Kuhusu wanaume, ngiri hujitambulisha kwa uvimbe unaotokea ukisimama au ukikohoa na kurudi ukilala. Siku uvimbe huo utakapokataa kurudi, ukawa mgumu, ukauma, na mtu akaanza kutapika, utumbo umebanwa, na saa zinahesabika. Vijana nao, na hapa wazazi nisikilizeni kwa makini: mvulana anaposema tumbo la chini linamuuma ghafla, mwulizeni pia kuhusu korodani, kwa upole na kwa faragha. Korodani ikijisokota, maumivu husikika tumboni, kijana huona haya kutaja mahali penyewe, na muda wa kuiokoa ni takriban saa 6. Nimewaona walioletwa siku ya pili, wakiwa wamepewa dawa ya minyoo.

Imebaki habari ya kuchua. Nawaheshimu wakandaji wetu. Mikono yao imeondoa uchovu wa migongo mingi, ukiwemo wa mama yangu mzazi. Lakini tumbo linalopiga na kuuma lisichuliwe, lisikandwe kwa maji ya moto, wala mtu asikanyagwe ili "mshipa urudi mahali pake". Aota iliyotanuka, mimba iliyotunga nje na kidole tumbo kilichojaa usaha, vyote vinaweza kupasuka chini ya mkono wenye nia njema. Mkandaji mwenye busara, ninao wawili ninaowafahamu hapa mjini, huweka mkono kwanza bila kubonyeza, na akisikia kinapiga na kusukuma pembeni humwambia mtu, "Hiki si changu, nenda hospitali." Wawili hao wamenipelekea wagonjwa zaidi ya mara moja, na hawajawahi kukosea.

Mkienda hospitali, basi, msiseme tu mshipa unanipiga. Semeni: kinapiga hapa, na muweke kidole kimoja, si kiganja kizima. Semeni kama kinakwenda sawa na mkono au hakiendi. Tangu lini, wakati gani wa siku, mkilala au mkisimama, baada ya kula au njaani. Kama kuna maumivu, yanakwenda wapi. Kama mnavuta au mliwahi kuvuta, hata kama mmeacha miaka 20 iliyopita. Kina mama, tarehe ya hedhi ya mwisho, hata msipoulizwa. Na kama kuna jambo la ajabu mmeliona, kama redio inayocheza juu ya tumbo, lisemeni, na daktari asipoliuliza lirudieni mara ya pili.

Nje, chini ya mwembe, wapo wauguzi wawili na mashine za kupima shinikizo la damu, na ndani ya chumba cha pembeni tumeweka kitanda na pazia. Utrasaundi tumeazima kwa siku ya leo tu, mpaka saa 10 jioni. Naomba wazee wangu wa kiume waliovuka miaka 65, na kwanza kabisa wale waliowahi kuvuta sigara, waanze kupanga foleni upande wa kulia. Mama mwenye mimba ambaye mtoto wake hajacheza leo asipange foleni. Aje moja kwa moja kwangu.